Maneno ya Gitaa katika Nchi ya Hispania

Kila kazi ina maneno yake. Mvuvi ana maneno ambayo mkulima hayajui, na seremala ana maneno ambayo hata mwalimu hulazimika kuyauliza. Maneno ya namna hii huonekana madogo, kwa kuwa hutumiwa na watu wenye mikono migumu, na aghalabu hayaandikwi katika habari za wafalme. Walakini mtu akiyachukua moja moja na kuyapindua, kama watoto wapinduavyo mawe ufuoni maji yakipwa, ataona chini yake mambo ya kale ambayo wafalme wenyewe waliyasahau.

Katika insha hii tutayapindua maneno ya chombo kimoja kijulikanacho duniani kote, yaani gitaa, katika lugha ya watu waliolilea mpaka likawa lilivyo leo. Watu hao ni Wahispania. Tutaona kwamba majina ya gitaa hayakutungwa na mabwana wa elimu wala na baraza la serikali. Yalitoka vinywani mwa maseremala, watunza farasi, mabaharia na maskini wa mitaani. Tutaona pia kwamba wenye elimu waliwacheka watu hao, na baada ya miaka mingi kicheko kikawageukia wenyewe.

Na tuanze na jina lenyewe. Wahispania huliita gitaa *guitarra*, nalo husomwa "gitara". Neno hili lilifika kwao kutoka katika lugha ya Kiarabu, na Waarabu walilipata, kwa kupitia watu wengine wa mashariki, kutoka kwa Wayunani wa kale, waliokuwa na chombo kiitwacho *kithara*. Lakini *kithara* ya Wayunani haikuwa gitaa. Haikuwa na shingo ya kubonyezea nyuzi. Ilikuwa na mikono miwili iliyosimama, na nyuzi zilining'inia katikati kama kamba za kuanikia nguo. Basi jina lilisafiri peke yake, likauacha mwili wake wa kwanza nyuma, likaingia katika mwili mwingine.

Jambo hili lisitushangaze, maana hata kwetu limetokea. Zamani watu wa pwani yetu waliita kinanda chombo cha nyuzi kipigwacho kwa vidole. Leo mwanafunzi akisikia neno kinanda huwaza kile kikubwa chenye vibao vyeupe na vyeusi. Jina ni lile lile, mwili umebadilika.

Waarabu na Waberiberi waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wa mwisho wa Waislamu katika nchi hiyo, ule wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Katika karne hizo karibu nane watu wa dini tatu waliishi nchi moja, wakapigana, wakafanya biashara, wakafundishana, wakaazimana maneno. Mwaka 822 alifika katika mji wa Cordoba mwanamuziki mashuhuri aitwaye Ziryab, aliyetoka Baghdad, na chombo chake kilikuwa udi. Wahispania waliusikia udi, na kwa Kiarabu wakasikia ukiitwa *al-ud*, maana yake "ule mti" au "ule ubao". Hawakujua kwamba *al* ni kiambishi tu, wakalimeza neno zima, likawa *laúd*.

Sisi tulilipokea neno hilo hilo bila kiambishi chake, tukasema udi. Katika lugha yetu neno hili lina maana mbili: ni mti wenye harufu nzuri utiwao chetezoni, na ni chombo kipigwacho katika taarabu. Mtu asiyejua historia atadhani maana hizo mbili zimekutana kwa bahati. Kumbe zote mbili ni mti. Hivyo mpiga udi wa Mombasa na mpiga *laúd* wa Hispania, ingawa hawajaonana, wametaja neno la babu mmoja.

Katika karne ya kumi na nne mshairi mmoja, Juan Ruiz, padri mkuu wa Hita, alitaja katika kitabu chake vyombo vingi vya muziki wa siku zake. Miongoni mwavyo alitaja magitaa ya namna mbili: la Wamori, yaani Waislamu wa huko, na la Kilatini, yaani la Wakristo. Ushahidi huu ni mdogo kama punje, lakini una maana kubwa. Waonyesha kwamba kabla ya vita kwisha, jina la *guitarra* lilikuwa limekwisha kukaa katika nyumba zote mbili.

Karne mbili baadaye ulizuka ushindani, wala haukuwa wa panga. Ulikuwa kati ya vyombo viwili vilivyofanana kama ndugu. Cha kwanza kiliitwa *vihuela*, nacho kilikuwa cha mabwana. Kilikuwa na jozi sita za nyuzi, na kila jozi iliitwa *orden*, yaani safu. Cha pili kilikuwa *guitarra*, kidogo zaidi, chenye safu nne tu. Mtawa mmoja, Juan Bermudo, aliyechapisha kitabu juu ya vyombo vya muziki mwaka 1555, alieleza kwamba mtu akiondoa safu ya kwanza na ya sita katika *vihuela*, amepata gitaa. Kwa maneno mengine, gitaa lilikuwa *vihuela* iliyopunguzwa, kama mtoto aliyevaa nguo za kaka yake zilizokatwa.

*Vihuela* ilipata heshima ya kuchapishiwa vitabu. Cha kwanza kilitolewa na Luis de Milán katika mji wa Valencia mwaka 1536, na cha mwisho mwaka 1576; vyote pamoja vilikuwa saba. Gitaa lilipata kurasa chache tu katika baadhi ya vitabu hivyo vya *vihuela*, kama kile cha Alonso Mudarra, kilichochapishwa Sevilla mwaka 1546. Mtu wa siku hizo akiulizwa ni chombo gani kitakachoishi, bila shaka angeionyesha *vihuela*.

Tofauti kubwa kati ya vyombo hivyo imehifadhiwa katika vitenzi viwili. Mpiga *vihuela* alikuwa *puntear*, yaani kutia nukta: kila uzi aliugusa kwa kidole chake, sauti moja moja, kwa hesabu na subira. Mpiga gitaa wa mitaani alikuwa *rasguear*, neno la jamaa moja na *rasgar*, maana yake kuchana au kurarua. Aliupitisha mkono wake juu ya nyuzi zote kwa mara moja, kama mtu araruaye kitambaa, na watu wakacheza ngoma. Njia ya kwanza ilitaka miaka ya mafunzo. Njia ya pili mtu aliweza kuanza kujifunza jioni, akamchezesha rafiki yake kesho yake.

Mwaka 1596 daktari mmoja wa Catalonia, Joan Carles Amat, alitoa kitabu kidogo cha kumfundisha mtu yeyote kupiga gitaa la safu tano kwa njia ya kupitisha mkono. Hakumtaka mwanafunzi ajue kusoma maandishi ya muziki. Alimpa tarakimu, na kila tarakimu ilimwonyesha mahali pa kuweka vidole. Kitabu hicho kilipigwa chapa tena na tena hata baada ya mwandishi wake kufa, na mlango uliokuwa umefungwa ukafunguliwa kwa umma.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1611 padri na mtaalamu wa lugha, Sebastián de Covarrubias, alitoa kamusi kubwa ya kwanza ya lugha ya Kihispania. Alipofika kwenye neno *vihuela* aliomboleza. Alisema chombo hicho kiliheshimiwa sana hapo kale, lakini tangu magitaa yalipoenea wachache tu hujifunza kukipiga. Akalifananisha gitaa na kengele ya shingoni mwa ng'ombe, na akalalamika kwamba ni rahisi mno hata hapana kijana wa zizi la farasi asiyekuwa mpiga gitaa.

Msomaji, tuyafikiri maneno hayo. Mwenye kamusi alikuwa na elimu, na huzuni yake ilikuwa ya kweli, maana jambo zuri lilikuwa linakufa mbele ya macho yake. Hatuna haki ya kumdhihaki. Vyombo vya *vihuela* vya kale vilivyosalia duniani leo ni vichache mno, na ufundi mwingi wa kuvipiga ulizikwa pamoja na wapigaji wake. Walakini hakuona upande wa pili. Yule kijana wa zizi, aliyenuka jasho la farasi, ndiye aliyekuwa amebeba mustakabali wa muziki wa nchi yake. Dharau ilimzuia mwenye elimu asione kilichokuwa mlangoni kwake.

Sasa tutoke kwa wapigaji, twende kwa watengenezaji. Mji wa Sevilla ulikuwa na sheria za mafundi, zilizochapishwa mwaka 1527. Humo fundi wa vyombo vya nyuzi aliitwa *violero*, naye alihesabiwa pamoja na maseremala. Sheria ilimtaka ajue kutengeneza vyombo vya namna nyingi, pamoja na *vihuela* kubwa yenye mapambo ya vipande vya mbao vilivyopachikwa, tena athibitishe ujuzi wake mbele ya wakaguzi. Baadaye, *vihuela* ilipotoweka na gitaa likashinda, jina la fundi nalo likageuka, akaitwa *guitarrero*. Ushindi wa chombo uliandikwa katika jina la kazi.

Mafundi hawa walihitaji majina ya sehemu za chombo chao, na hawakwenda mbali kuyatafuta. Kwanza waliuangalia mwili wa mwanadamu. Tundu litoalo sauti waliliita *boca*, yaani kinywa. Mahali gitaa linapobonyea katikati ni *cintura*, kiuno. Kile kipande chembamba kinachozibeba nyuzi juu ya shingo waliita *cejuela*, nyusi ndogo. Mahali shingo inapoungana na tumbo ni *tacón*, kisigino cha kiatu.

Kisha kuna majina yanayonukia bahari. Shingo ya gitaa huitwa *mástil*, yaani mlingoti, kama ule ubebao tanga. Kichwa chake, penye vishikizo vya kukazia nyuzi, ni *pala*, neno litumiwalo pia kwa bapa la kasia. Vile vipande vyembamba vinavyokingama shingoni ili kugawa sauti huitwa *trastes*, na neno hili lina asili katika neno la Kilatini lililomaanisha boriti ya kukingama, au ubao wanaokalia wapiga makasia. Nyuzi nene ziliitwa *bordones*, na *bordón* ni fimbo ndefu ya msafiri aendaye kuhiji. Kishikizo cha kukazia uzi ni *clavija*, ufunguo mdogo. Na kile kibao kilichogandishwa tumboni ambako nyuzi hufungwa ni *puente*, daraja, kwa sababu sauti huvuka hapo kutoka katika uzi na kuingia katika mbao. Mlingoti, kasia, fimbo, ufunguo, daraja: hakuna hata kimoja ambacho mtu maskini hakukijua.

Katika majina hayo lipo moja lililopata kuthibitishwa kwa jaribio. Ubao wa mbele wa gitaa huitwa *tapa*, kifuniko. Ukilisikia jina hilo utadhani kazi yake ni kufunika tu, kama kifuniko cha chungu. Mwaka 1817 alizaliwa karibu na mji wa Almería mtoto aitwaye Antonio de Torres Jurado, akajifunza useremala, kisha akawa fundi mkubwa kuliko wote wa magitaa. Torres alishikilia kwamba uhai wa sauti umo katika *tapa*. Ili kuwaonyesha watu, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, na *tapa* peke yake ikawa ya ubao mzuri. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Chini ya kifuniko Torres alipanga vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama *abanico*, yaani upepeo wa mkononi, ili ubao uwe mwembamba bila kuvunjika. Hakuwa wa kwanza kutumia vijiti hivyo, lakini alivipanga kwa ustadi hata mafundi wa baadaye wakamfuata, na magitaa mengi ya namna hii mpaka leo hufuata kipimo chake. Alikufa mwaka 1892.

Tumeona chombo, sasa tuuone mkono. Mhispania hasemi kwamba anapiga gitaa. Husema *tocar*, yaani kugusa. Sisi twasema kupiga, kama tupigavyo ngoma. Kila lugha ilichagua kitendo kilichokuwa karibu na moyo wake. Vidole navyo vina majina: *pulgar* ni gumba, *índice* ni kile kinachoonyesha, *medio* ni cha kati, na *anular* ni cha pete. Hapa Mhispania na Mswahili wamekubaliana, maana sisi pia twasema kidole cha pete. Leo mwanafunzi wa gitaa huko Japani au hapa Nairobi akifungua kitabu chake, atakuta juu ya nukta za muziki herufi nne ndogo, *p*, *i*, *m* na *a*. Hizo ni herufi za kwanza za majina ya vidole kwa Kihispania.

Kusini mwa Hispania, katika jimbo la Andalusia, maneno ya mkono yaliongezeka sana. Huko walikaa Wagitano, watu wa kabila la Waroma, ambao habari zao katika Hispania zinajulikana tangu mwaka 1425. Walifanywa wageni katika nchi waliyozaliwa. Mwaka 1749 serikali ya mfalme iliamuru wakamatwe wote pamoja, wanaume wakatengwa na wanawake, na maelfu yao wakatiwa vifungoni. Kutoka kwa watu hao na majirani zao maskini wa Andalusia ulikua muziki uitwao *flamenco*.

Mpiga gitaa wa *flamenco* haitwi *tocador*, kama ilivyo katika Kihispania cha vitabuni. Huitwa *tocaor*, kwa matamshi ya Andalusia yanayoimeza herufi ya *d*. Waandishi walipoanza kuandika juu ya muziki huo hawakulisahihisha neno. Waliliacha kama lilivyotamkwa na wenyewe. Huyo *tocaor* hufanya *rasgueado*, ile ile njia ya kurarua iliyochekwa mwaka 1611, ila sasa vidole hufunguka kimoja baada ya kingine kwa kasi kama mvua juu ya bati. Hufanya *picado*, kudonoa uzi kama kuku adonoavyo mtama. Na hufanya *golpe*, pigo la kidole juu ya ubao. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuingiza muziki wa *flamenco* katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Maneno ya gitaa yalivuka bahari pia pamoja na merikebu za Hispania, yakaingia Amerika, na huko yakapata maisha mapya. Katika Cuba kuna chombo kiitwacho *tres*, maana yake tatu, kwa sababu kina safu tatu za nyuzi. Katika Venezuela kuna *cuatro*, nne. Katika kisiwa cha Puerto Rico kuna *cuatro* ya namna nyingine, ambayo siku hizi ina nyuzi kumi, lakini bado yaitwa nne; jina limeshikilia hesabu ya mababu. Na *vihuela*, iliyoombolezwa na mwenye kamusi? Huko Mexico jina lake lingali hai, likiitwa chombo cha nyuzi tano cha wanamuziki wa *mariachi*. Katika Argentina utenzi mashuhuri wa mchunga ng'ombe Martín Fierro, uliotolewa na José Hernández mwaka 1872, huliita gitaa la mwimbaji huyo *vihuela*. Neno la mabwana lilipokosa makao katika majumba ya wafalme, lilikaribishwa na wachungaji.

Katika karne ya kumi na tisa na ya ishirini gitaa lenyewe liliingia katika kumbi za heshima. Fernando Sor, aliyezaliwa Barcelona mwaka 1778, alilipiga na kulitungia muziki katika Paris na London. Francisco Tárrega, aliyekufa mwaka 1909, alifundisha wanafunzi waliolieneza. Andrés Segovia, aliyezaliwa Linares mwaka 1893 na kufariki mwaka 1987, alilipiga peke yake mbele ya maelfu ya watu katika miji mikubwa ya dunia. Kila walikokwenda walikwenda na maneno yale yale ya seremala na ya kijana wa zizi, na wataalamu wa nchi nyingine wakajifunza kuyatamka. Mdharau biu hubiuka yeye.

Wanafunzi wapenzi, habari hizi ni za Hispania, lakini fundisho lake halina mpaka. Sisi pia tuna maneno ya kazi. Wapigaji wetu husema kucharaza gitaa, na neno hilo, litumiwalo pia kwa kuchapa kiboko, lina nguvu ile ile iliyomo katika *rasguear*. Mafundi wa majahazi wa Lamu wana mkuku, mataruma na foromali, maneno yanayobeba safari za karne nyingi. Nani ameyaandika yote? Nani amemwuliza mzee kwa nini kitu fulani kinaitwa hivyo? Wengi wetu tukiyasikia twadhani ni maneno ya watu wasiosoma, tukayapita. Hilo ndilo kosa lile lile la mwaka 1611.

Gitaa halikupata heshima kwa kubadili majina yake yawe ya kifahari. Lilibaki na kinywa, kiuno na nyusi, na mlingoti na daraja, na heshima ikalifuata huko huko. Mcheza kwao hutuzwa. Basi siku utakapokaa karibu na fundi yeyote, awe mjenzi, mshoni, mfinyanzi au mpiga muziki, mwulize majina ya vitu vyake, uyaandike. Yawezekana kwamba neno litakalohifadhiwa na kalamu yako ndilo litakalobaki, wakati jahazi lenyewe limekwisha kuoza ufuoni.